Wembamba Wasitushauri

Fundi wangu wa nguo ana adabu. Hajawahi kuniambia nimenenepa. Husema tu, "Bosi, kitambaa cha kuachia kimekwisha," huku akinionyesha mshono wa suruali kwa huzuni. Wengine hawana staha hiyo. Shangazi zangu wakiniona kwenye vikao vya harusi hushangilia kwamba Dar imenikubali, na kijana wa mizani pale kituo cha daladala husoma kilo zangu kwa sauti ya dalali.

Kilo zenyewe nimezizoea. Kinachoniuma ni shemeji. Anamaliza sinia la pilau, anaparuza ukoko, anashushia na soda, na mkanda wake bado unafungwa tundu lile lile la mwaka aliooa. Kisha ananiambia, akichokonoa meno, "Shem, punguza wanga."

Punguza wanga! Nimekasirika mpaka nimekwenda kusoma.

Kesi hii, kumbe, ilishasikilizwa Quebec, Canada. Claude Bouchard na wenzake walichukua vijana wa kiume, jozi 12 za mapacha wa kufanana, wakawalisha kalori 1,000 za ziada kwa siku, siku 6 za wiki, kwa muda wa siku 100. (Tangazo kama hilo lingebandikwa Manzese, foleni ingefika Ubungo.) Majibu yalitoka 1990: aliyeongezeka kidogo kuliko wote alipata kilo 4.3, aliyetia fora alipata 13.3. Ziada ile ile! Na pacha alikwenda na pacha mwenzake, hata mahali mafuta yalipochagua kukaa. Nikaitazama upya picha ya babu sebuleni, ile ya kanzu. Ushahidi umejaa fremu nzima.

Mwaka 2007 wanasayansi wakamtaja mtuhumiwa mmojawapo, jeni iitwayo FTO. Kati ya watu wazima waliopimwa, wengi wao Wazungu, waliorithi aina yake ya unene kwa baba na kwa mama walikuwa wazito kwa wastani wa kilo 3 kuliko ambao hawakuirithi kabisa. Mwaka 2015 ikaonekana mchezo unavyochezwa: tofauti hiyo ya kurithi huzisukuma seli changa za mafuta zielekee kuweka akiba badala ya kuchoma. Mimi, inaonekana, nimerithi benki.

Maana mafuta nayo yana ukoo. Meupe huweka akiba. Ya kahawia huteketeza: yamejaa mitokondria, na protini yake iitwayo UCP1 huyafanya yachome nishati kutoa joto tu. Mtoto mchanga anayo mgongoni, kati ya mabega, kwa kuwa hajui kutetemeka kwa baridi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa mtu mzima yanamwishia, hadi vipimo vilivyochapishwa 2009 vilipoyakuta shingoni na karibu na mitulinga. Na yalionekana zaidi kwa nani? Kwa wembamba, tena kipindi cha baridi. Aliye nacho huongezewa.

Hapo ndipo ninapoishtaki Dar es Salaam. Mtu aliyekaa bila nguo, hewa ikiwa nyuzi 28 hadi 30, mwili wake hauhitaji kuchoma chochote cha ziada ili upate joto. Hiyo ni Dar, isipokuwa tumevaa nguo. Mafuta yangu ya kahawia, kama yapo, yako likizo tangu nishuke stendi. Shemeji kwao Makete, ambako Juni na Julai majani huamka na barafu. Najua mtasema huko pia wanapanda milima na magunia ya viazi, na kwamba baridi huongeza njaa. Sawa. Lakini na yeye sasa anaishi Tabata, hapa hapa Dar, jasho linamtoka kama mimi, na bado mkanda haujasogea. Hili la Tabata linaniharibia kesi, kwa hiyo namrudisha kwenye jeni zake.

Nikataka kujitibu. Japani waliwahi kuwakalisha watu kwenye nyuzi 17, saa 2 kila siku kwa wiki 6, na mafuta ya miili yao yakapungua kidogo. Nikachukua rimoti ya kiyoyozi, nikashusha hadi 17. Mke wangu alitokea amejifunga vitenge viwili, akaniuliza luku ananunua nani. Kisha baridi ikanipa njaa, nikaenda kupasha chapati.

Kiyoyozi kimerudi 26. Jeni hazirudishwi dukani, na Dar haina mpango wa kupoa. Kwa hiyo nina ombi moja kwa nyinyi wembamba wa kuzaliwa: kuleni, shibeni, parueni ukoko mpaka sufuria ing'ae, lakini ushauri wa kupungua tuachieni sisi tuliowahi kujaribu.