Waraka wa wazi kwa shemeji yangu wa Houston, mwenye jiko jipya

Shemeji yangu mpendwa,

Picha za jiko nimeziona. Nimeziona zote, kwa kuwa ulizituma kwenye kundi la familia, ukazirudia kwenye kundi la Watanzania wa Texas, kisha ukazitundika kwenye hali yako ya WhatsApp kwa wale ambao labda walikuwa wamelala. Hongera sana. Kile kisiwa cha quartz katikati ya jiko ni kikubwa kuliko chumba nilichopanga nilipofika Dallas, na zile taa tatu zinazoning'inia juu yake zimekipendezesha kwelikweli, hasa kwa kuwa dada ananiambia ugali bado unasongwa gereji ili jiko jipya lisirukiwe na uji.

Kilichonigusa zaidi ni ujumbe uliofuata picha, ule wa usiku wa manane: "Wadau, hivi hii habari ya kuunganisha madeni ya kadi ikoje?" Wadau hawakukuangusha. Mmoja alikutumia namba ya simu ya watu wa redioni wanaoahidi kufuta nusu ya deni. Wa pili alikwambia chukua mkopo kwa dhamana ya nyumba, riba yake ni ndogo. Wa tatu akakuombea. Uliwashukuru wote kwa usawa, ukasema umeshaanza kujaza fomu za yule wa pili.

Mimi nilinyamaza nikisubiri kuulizwa. Kazi yangu, kama unavyokumbuka au pengine hukumbuki, ni ya kuidhinisha mikopo katika chama cha akiba na mikopo, ambacho nyumbani tungekiita SACCOS. Lakini nimeshajifunza kwamba katika ukoo wetu mtu anayeijua kazi huulizwa baada ya karatasi kusainiwa. Kwa hiyo najijibia mwenyewe, tena hadharani, maana majiko ya namna hii nimeyaona mengi mezani kwangu. Jina lako nimelificha. Waliokiona kile kisiwa watakutambua, na hilo naomba usinilaumu mimi.

Tuanze na hesabu, ambazo dada amenipa kwa hiari yake. Kwenye kadi mbili za benki unadaiwa dola 38,000 kwa riba ya asilimia 23 kwa mwaka. Kwenye kadi ya duka, lile ulilonunulia makabati, zimebaki 2,400. Na umejitapa mbele ya mashahidi kwamba unaweza kutenga dola 1,700 kila mwezi kwa madeni haya. Nimelipokea neno lako kama lilivyo, ingawa ni wewe huyo huyo unayejaza kadi ya mchango wa kila harusi inayotangazwa kati ya Houston na Moshi.

Kwa asilimia 23, zile 38,000 zinazaa riba ya takriban dola 728 kwa mwezi kabla hujagusa deni lenyewe hata senti. Usidhani benki imekuonea wewe binafsi. Tangu 2023 wastani wa riba za kadi Marekani umekuwa ukipita asilimia 20. Uliuliza kwenye kundi kwa nini Texas haiwazuii. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba benki inaruhusiwa kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayokubalika katika jimbo ambako benki yenyewe ina makao. South Dakota ikafuta kikomo chake cha riba, na Citibank ikahamishia biashara yake ya kadi Sioux Falls mwaka 1981. Delaware nayo ikafungua milango mwaka huo huo. Wewe unaishi Houston, shemeji, lakini riba yako ina uwezekano mkubwa wa kuwa mkazi wa moja ya majimbo hayo mawili.

Sasa fuatilia hizi hesabu polepole, kama ulivyofuatilia rangi za makabati.

Usipounganisha chochote, ukaacha 38,000 pale pale kwenye asilimia 23, ukalipa 1,300 kila mwezi (zile 400 zinazobaki kwenye 1,700 zako ni za kadi ya duka, nitaifikia) bila kukosa na bila kuchanja kadi tena, utamaliza katika miezi 44. Riba utakayokuwa umelipa ni kama dola 18,250. Inauma, lakini inaisha.

Ukichukua mkopo usio na dhamana kwa asilimia 14, wa miaka mitatu, marejesho ni karibu 1,299 kwa mwezi, yaani karibu kiasi kile kile. Riba yote inakuwa kama 8,755. Hapo umeokoa karibu dola 9,500, na deni linaisha miezi minane mapema.

Ukichukua ule wa dhamana ya nyumba unaokupendeza, asilimia 9 kwa miaka 20, marejesho yanashuka hadi dola 342. Naelewa kwa nini ulituma vile vikaragosi vya kucheka. Lakini zidisha 342 kwa miezi 240. Utalipa zaidi ya dola 82,000, na kati ya hizo zaidi ya 44,000 ni riba. Riba ya asilimia 9 imekula kuliko ile ya asilimia 23, tena mara mbili na zaidi, kwa sababu umeipa miaka ishirini ya kula. Kijana wako wa darasa la kwanza atakuwa amemaliza chuo, na makabati yatakuwa yamepitwa na mitindo mara tatu, ukiwa bado unayalipia.

Utanijibu kwamba mkopo wa nyumba nao unaweza kuulipa haraka. Unaweza. Ukiweka 1,300 kwenye mkopo wa asilimia 9 utaokoa kuliko njia zote. Nimewaona wanaofanya hivyo, na kwa heshima zote, hawakuwa na bafu la wageni lililokwisha kuagiziwa vigae. Mtu akipewa nafasi ya kulipa 342, zile 958 zinazobaki hupata kazi nyingine kabla ya mwezi kuisha.

Hata hivyo, hesabu si sababu yangu kubwa ya kukuandikia. Sababu yangu ni Texas yenyewe, jimbo ambalo umelisifia miaka yote kwa kutokuwa na kodi ya mapato, bila kugundua zawadi kubwa zaidi liliyokupa.

Tangu 1839, Texas ikiwa bado jamhuri inayojitegemea, sheria yake ilizuia wadai wa kawaida kuchukua nyumba anamoishi mtu. Katiba ya 1876, inayotumika hadi leo, imeibeba kinga hiyo. Yapo madeni ambayo nyumba inaweza kuyajibu: mkopo ulioinunulia, kodi ya majengo, ukarabati uliofanyiwa mkataba maalumu wa maandishi unaoiweka nyumba dhamana, na mengine machache. Kadi ya benki haimo. Hata mshahara wako hawawezi kuukata kwa mwajiri kwa ajili ya deni la kadi. Wanaweza kukupigia simu, kukuharibia alama za mkopo, kukushtaki, na wakishinda wanaweza kuifikia akaunti yako ya benki. Sikushauri ufike huko. Nakueleza tu kwamba leo hii, wewe na wale wanaokunyima usingizi kila usiku, nyumba yako haimo kwenye ugomvi wenu.

Mikopo ya kukopea thamani ya nyumba unamoishi ilikuwa haramu Texas hadi wapiga kura walipobadili katiba mwaka 1997. Na hata walipoiruhusu, waliizungushia ua: jumla ya madeni juu ya nyumba isizidi asilimia 80 ya thamani yake, ada nyingi za mkopo zisipite kikomo, ambacho leo ni asilimia 2, mkopeshaji asubiri siku 12 baada ya maombi kabla ya kufunga mkataba, na hawezi kuuza nyumba bila amri ya mahakama. Watu waliokaa kuandika yote hayo walijua mtu anakuwaje anapopenda jiko. Lakini ua wote huo unakulinda ukiwa ndani ya mkopo. Nyumba yenyewe ukishaitaja kwenye karatasi, imetajwa. Deni la kadi ambalo halikuweza kukutoa nyumbani, wewe kwa kalamu yako unalipatia uwezo huo, kisha unashukuru kwa punguzo la riba.

Watu wa redioni nitawapitia haraka. Wale hawaunganishi madeni. Wanakuambia uache kulipa, uweke pesa pembeni hadi benki ichoke na kukubali pungufu. Benki nyingine hazichoki, zinashtaki. Tangu 2010 kanuni ya serikali kuu inawakataza wanaouza huduma hiyo kwa simu kudai ada kabla hawajamaliza hata deni moja, kwa hiyo yeyote anayekuomba malipo ya awali amekwisha kujitambulisha. Na kiasi kitakachosamehewa, mamlaka ya kodi inaweza kukihesabu kuwa kipato chako. Afadhali yule aliyekuombea. Hakudai ada.

Kadi ya duka ndiyo inayonikosesha raha kuliko unavyodhani, kwa kuwa umeisahau. Ulisema kwa furaha kwamba ile haina riba kwa miezi kumi na minane. Soma tena maandishi madogo, shemeji, wewe uliyesoma maelezo ya mashine ya vyombo mpaka lugha ya Kikorea. Haina riba iwapo utamaliza deni lote ndani ya muda. Ukibakiza hata dola kumi siku ya mwisho, wanarudi hadi siku uliyonunua makabati na kukutoza riba ya kipindi chote. Imebaki miezi sita. Dola 400 kila mwezi, na hilo linakwisha. Usiliingize kwenye mkopo wowote na usilichanganye na mengine.

Kuhusu kuhamishia deni kwenye kadi mpya isiyo na riba, inafaa kwa deni dogo. Ada yake huwa asilimia 3 hadi 5, na sidhani kama kuna benki itakayompa kikomo cha dola 38,000 mtu ambaye kadi zake nyingine zimejaa hadi ukingoni. Ukipata nafasi ya elfu nane, chukua, mradi uimalize kabla ya muda wake.

Basi ushauri wangu ni kwamba uunganishe, lakini bila nyumba. Nenda kwenye chama cha akiba na mikopo hapo Houston, viko vingi, ukaombe mkopo usio na dhamana wa miaka mitatu. Vyama vilivyosajiliwa na serikali kuu vimewekewa kikomo cha riba cha asilimia 18 kwa mikopo ya kawaida, kadi zao zikiwemo. Sielewi kwa nini Watanzania wenzangu, waliolelewa na SACCOS za walimu na za wakulima wa kahawa, wakifika hapa wanapita mlangoni pa vyama hivi kama hawavioni, wanakwenda kupanga foleni kwenye benki yenye jengo la vioo. Wakikunyima, yako mashirika ya ushauri wa madeni yasiyotafuta faida, yatakayoomba benki zikupunguzie riba na kukupangia malipo ya miaka mitatu hadi mitano. Watazifunga kadi zako. Nadhani utaishi.

Maana hapo ndipo waombaji wengi wanaponirudia. Mkopo ukishalipa kadi, zile kadi zinasoma sifuri, na mtu mwenye kadi inayosoma sifuri huanza kuona kwamba sebule haiendani na jiko. Funga moja, nyingine mpe dada. Alama zako za mkopo zitashuka kidogo. Zishuke. Kwa miaka mitatu huna unachokwenda kukopa.

Nimebakiza jambo moja ambalo huenda afisa wako wa mkopo hakulitilia mkazo. Ule wa dhamana ya nyumba, Katiba ya Texas inadai ridhaa ya kila mmiliki na ya mwenzi wake, kwa maandishi. Hata baada ya kusaini, mwenzi anaweza kuuvunja ndani ya siku tatu bila gharama. Dada ameusoma waraka huu kabla yako. Amesema sahihi yake kwenye karatasi ya nyumba haipatikani mwaka huu, wala mwakani. Vigae vya bafu la wageni amekwisha kuvirudisha dukani, risiti ilikuwa bado hai. Kwenye mkopo wa miaka mitatu yuko tayari kusaini pamoja nawe Jumamosi hii asubuhi. Anachoomba ni uchukue hati zako za mshahara na taarifa za kadi zote, pamoja na ile ya nne ambayo unadhani yeye haijui.

Nakutakia kila la heri, na karibu Dallas. Jiko langu ni dogo, lakini ugali tunausongea ndani.

Shemeji yako mdogo