Hotuba ya Daktari Bingwa wa Mauzo Yasiyokwisha

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, waheshimiwa madalali wa Kibaoni, Lipangalala na Viwanja Sitini, ndugu wauzaji mliokula arbuni na sasa mnauma kucha: itifaki imezingatiwa. Wenye viti wakae. Wasio na viti wasimame kwa nidhamu ya kitaaluma.

Mimi ndiye Daktari Bingwa wa Mauzo Yasiyokwisha. Chuo kilichonitunuku shahada nilikianzisha mwenyewe, baada ya vyuo vingine kuchelewa kunitambua. Utafiti wangu umejibu swali lililowashinda wahenga: kwa nini mnunuzi wa nyumba hapa Ifakara, akishatoa nusu ya fedha, hupotea yeye pamoja na nusu iliyobaki?

Fungueni madaftari. Wanunuzi wa bonde la Kilombero wako wa aina tatu.

Wa kwanza ni Mnunuzi wa Mpunga. Machi atakuambia mpunga uko shambani. Juni umevunwa, lakini bei ya mavuno ni ya kutupa. Septemba umo ghalani, unangoja bei ipande. Desemba bei imepanda, ameuza, na fedha yote imeingia kwenye trekta la msimu mpya. Msimlaumu. Mkopesheni na mbegu, ili mwakani awe na sababu nzuri zaidi.

Wa pili ni Mnunuzi wa Miwa, anatokea pande za Kidatu. Miwa yake imekatwa, imepimwa, imeingia kiwandani. Kilichobaki ni malipo tu. Ukimuuliza yatatoka lini, naye anakuuliza wewe.

Wa tatu ni Mnunuzi wa Ng'ambo, anayetoka Mahenge au Malinyi. Huyu zamani alikuwa na hadhi yake: mto umejaa, kivuko hakivuki, nisubiri. Tangu Daraja la Magufuli lizinduliwe mwaka 2018, mita zake 384 zikalala juu ya mto, taaluma yetu imepoteza kisingizio adhimu kuliko vyote. Siku hizi anasema mtandao unasumbua. Vijana hawana ubunifu.

Wapo wanaojiita mawakili watakaowashauri muandike mkataba wenye tarehe ya kumalizia malipo, na humo humo muandike ikipita nani anapoteza nini: arbuni inarudi au hairudi, funguo zinakaa kwa nani. Eti mtie saini mbele ya mashahidi. Ushauri hatari sana! Mkataba wa namna hiyo humaliza mauzo. Yakimalizika, mimi nitahutubia nini?

Sasa nije kwa wauzaji, maana ucheleweshaji wa kiwango cha juu hutoka kwetu. Muuzaji hodari hupatana bei kwanza, nyaraka anazitafuta baadaye. Anapokea advansi, anaezekea nyumba nyingine, ndipo anafungua sanduku na kukuta ofa ina jina la marehemu babu. Mirathi haijafunguliwa. Msimamizi hajateuliwa. Ukoo unaitwa kikao, na mjomba wa Mlimba anagoma kuja mpaka atumiwe nauli ya treni.

Ukivuka hapo, kuna kodi ya pango la ardhi uliyoiacha ijilimbikize. Kuna uthamini, kuna kibali cha uhamisho, kuna kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo hulipwa kabla jina halijabadilishwa. Kama shamba lako lina hatimiliki ya kimila, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakupeleka kwa halmashauri ya kijiji, hasa mnunuzi akiwa mgeni. Mjinga huyamaliza haya kabla ya kumtafuta dalali. Sisi mabingwa huyaanza siku mnunuzi anapofika na fedha kamili.

Na mke? Swali zuri, mzee wangu wa pale nyuma. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo mbinu yangu ni kwamba mama watoto asikie habari za mauzo sokoni, kwa muuza samaki. Nimeshuhudia mbinu hii ikisimamisha mauzo kwa misimu miwili ya mpunga, mnunuzi akawa mgeni wa kudumu pale Baraza la Ardhi na Nyumba.

Nimalizie na hali ya hewa. Nyumba iliyopatanwa Septemba huwa ina uwanja mkavu na upepo mwanana. Ukichelewa mpaka masika, Mto Lumemo ukaamua kutembelea mitaa, mnunuzi atakuja na mabuti, ataona alama ya maji ukutani, atapunguza bei palepale. Wasiosoma husema basi maliza kiangazi. Mimi nasema paka rangi ukuta, kisha endelea kusubiri kwa heshima.

Ada ya hotuba inalipwa sasa hivi, taslimu, mlangoni. Hadithi za mpunga sizipokei. Vyeti vyenu vya kuhitimu viko tayari kabisa, bado muhuri tu. Piteni wiki ijayo.