Mguu wa Kushoto Uliorudishwa Kazini

Kwa miaka kumi na minne mguu wa kushoto wa mwandishi huyu ulikuwa abiria tu. Pikapu yake ilikuwa otomatiki, barabara za Maskati zimenyooka, na mguu wa kulia ndio uliofanya kazi zote. Mpaka siku moja ya mwezi wa sita, akirudi kutoka Quriyat, injini ikawa inavuma kwa nguvu zote na gari haitaki kwenda.

Kwa asiyepajua, Quriyat ndiko ambako Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku kucha. Hicho hakikuwa kipimo cha mchana. Ndio ubaridi wenyewe huo! Na giaboksi ya otomatiki uhai wake ni mafuta: ndiyo yanayopitisha nguvu ya injini, ndiyo yanayobana klachi za ndani, na ndiyo yanayobeba joto kulitoa nje. Yakiungua, hakuna giaboksi. Mafuta hayo huwa mekundu kama Vimto. Yaliyotoka kwenye pikapu hii yalikuwa meusi kama kahawa ya Darajani, na harufu yake kama mkate uliosahauliwa tanurini.

Fundi wa sanaiya, yaani mtaa wa magereji, ya Wadi Kabir, mtu wa Kerala aliyekula chumvi nyingi kwenye grisi, alinusa kidole, akatikisa kichwa. Giaboksi ya otomatiki ni ghali. Ya gia za mkono ipo sikrabu, kwa nusu ya bei. "Mafi mushkila," akasema, yaani hakuna shida. Aliyekaa Maskati muda mrefu anajua kwamba maneno hayo yakisemwa kabla boneti haijafunguliwa, mushkila umeshaingia.

Mwandishi alidhani ni kama kubadilisha mtungi wa gesi: unatoa huu, unaweka huu. Kumbe giaboksi ya gia za mkono haiji peke yake, inakuja na ukoo. Lile bamba jembamba nyuma ya injini halifai tena, linatakiwa flaiwili zito la chuma ambalo klachi italikamata. Inatakiwa sahani ya klachi, presha pleti, pedali ya tatu, na silinda mbili za kuisukuma klachi kwa mafuta. Giaboksi mpya urefu wake si ule wa zamani, kwa hiyo propela shafti nayo haifiki, na mhimili wa kuibebea giaboksi matundu yake hayakutani na ya chasisi. Kazi ikalala siku mbili nzima kwa ajili ya beringi moja ndogo, inayoenea kiganjani mwa mtoto, inayokaa kwenye ncha ya krenki shafti. Kila siku fundi alipiga simu kutaja jamaa mwingine wa ukoo ambaye hajafika. Ile nusu ya bei ikazaa, ikafika karibu na bei nzima.

Siku ya tano kila kitu kimefungwa. Mwandishi akageuza ufunguo. Kimya. Akageuza tena. Kimya.

Pikapu ilikuwa bado inajiona otomatiki. Gari za namna hiyo haziwaki mpaka swichi ya kwenye giaboksi ihakikishe kwamba gia iko "P" au "N", na hiyo swichi ilikuwa imelala kwenye pipa la vyuma chakavu. Fundi akaunganisha nyaya mbili, mashine ikanguruma, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyekumbuka kwamba ile swichi ilikuwa mlinzi.

Asubuhi yake, mbele ya nyumba, mwandishi akaingia garini na usingizi wake, akawasha bila kukanyaga klachi, nayo gia imo namba moja. Pikapu ikaruka kama mbuzi aliyeona kisu, ikalibusu pipa la taka la mtaa. Huyu ndiye aliyefaulu mtihani wa polisi wa kurudi kinyumenyume baina ya mapipa!

Haikuishia hapo. Gari alijifunzia Unguja, ambako dereva hukaa kulia na gia hutiwa kwa mkono wa kushoto. Maskati dereva yuko kushoto, gia ziko kulia. Pedali hazikubadilika, klachi ni ile ile ya mguu wa kushoto, kwa hiyo mguu ulikumbuka na mkono ukasahau. Kwenye mlima wa Bausher wa kwendea Al Amerat, mkwewe akiwa kando na sufuria ya biriani mapajani, gari ikazimika. Mwandishi akautafuta mkono wa gia, akafungua mlango.

"Mwanangu," mkwe akasema bila kumtazama, "unashuka?"

Pikapu ikaanza kurudi nyuma polepole, honi zikaanza. Hendibreki iliwaokoa. Mchuzi haukuokoka.

Sasa hajambo. Kuteremka milima kwa gia namba mbili, bila kuzichosha breki, ni raha ambayo otomatiki ile haikumpa, na hilo mwandishi yuko tayari kubishana na mtu. Ila mwenye nia ya kumfuata aulize kwanza polisi wa trafiki kuhusu ruhusa ya kubadilisha gari, kisha aangalie leseni za watu wa nyumbani kwake. Mwanawe ana leseni ya otomatiki tu, na kwa sheria ya Oman haimruhusu kuigusa pikapu hiyo. Maji, gesi, na safari za bibi kwenda Seeb, zote ni za baba. Kijana anasema atarudi shule kujifunza gia za mkono. Bibi ameshasema hapandi naye.