Juha Aliyepandishwa Cheo

Neno nice, ambalo kwalo Mwingereza wa leo huisifia chai, hali ya hewa na hata shemeji asiyemstahi, asili yake ni nescius ya Kilatini, yaani asiyejua. Nalo lilipoingia Uingereza kwa mlango wa Kifaransa, katika karne ya 13, aliyeitwa hivyo alikuwa ametukanwa ujuha hadharani. Likamhamia mwenye kudeka, kisha mwenye kupima mambo kwa makini mno, hata karne ya 18 likastarehe katika maana ya kupendeza tu, asaa Jane Austen asilisute ndani ya riwaya yake Northanger Abbey, lakini alilisuta. Nalo neno silly, maskini, lilianza likiwa na maana ya mbarikiwa, likashukia upumbavu. Basi msomaji wetu akisifiwa nice, na aulize kwa adabu: ya karne ipi, bwana?