Sifa Njema za WIBA

Washairi wa pwani wamesifu mnazi, mashua, hata paka. Bima ya fidia kwa wafanyakazi, WIBA, haijapata ubeti mmoja. Mimi mwenye kampuni ya usafi hapa Mombasa, watu 22 na ndoo zao, naona haya kwa niaba ya washairi hao. Tangu sheria ya mwaka 2007 imlazimishe mwajiri kuikata, hubisha hodi kwangu kila mwaka, wala haijachelewa hata siku moja. Nani mwingine ananijali hivyo?

Fadhila yake kuu ni huba. Zamani kifundo cha mguu cha mfanyakazi kilikuwa chake. Sasa ni chetu. Ada hukokotolewa kwa jumla ya mishahara na hatari ya kazi. Madai yakizidi mwaka huu, mwakani kampuni ya bima inakukunjia uso. Basi nimevijua vifundo 44 kama sonara ajuavyo pete zake. Najua kipi kiliteguka kwenye mpira, najua nani ana champali zilizolika kisigino. Alfajiri nawapanga mstari, nakagua nyayo kabla ya ndoo. Nikiona povu kwenye vigae, moyo hunienda mbio kama bwana harusi. Usiku naweweseka. Mke wangu aliniuliza Jamila ni nani. Ikabidi nimweleze kuwa ni goti la kushoto, zamu ya jioni.

WIBA hufundisha hesabu pia: juu ya ada kuna asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwalinda wenye bima, na stempu ya shilingi 40. Hupunguza unene. Huzidisha dua.

Na ina ukarimu: anayefia kazini, wategemezi wake hulipwa mapato ya miezi 96. Kwenye karatasi. Mama mmoja wa zamu ya asubuhi aliteleza kwenye ngazi za jengo la ofisi, mkono wa kulia ukavunjika. Nikapeleka taarifa serikalini ndani ya siku 7, kama sheria itakavyo. Kampuni ya bima ikataka hati za mshahara, ripoti ya daktari, ripoti ileile tena, kisha ikauliza alianguka kidato cha ngapi. Cha ngapi! Mama wa watu ahesabu vidato akiwa hewani? Meneja wa jengo naye alipiga simu siku hiyohiyo, kuuliza nani atamalizia kupiga deki.

Meneja huyo ndiye aliyedai cheti cha WIBA kwenye tenda, akakigonga muhuri, akatulipa baada ya siku 90. Mwaka huu kazi kawapa waliopunguza bei kwa theluthi. Wamepunguza wapi? Sabuni bei ni ile ile, na mishahara ya usafi haina pa kushukia. Wamekata bima ya watu 5, wakaleta 20. Meneja anawaona kila asubuhi, na kuhesabu anajua. Lakini cheti kimo kwenye faili, na faili halitelezi.

Juzi nilipita pale. Mama alikuwa ngazini, kaajiriwa na hao wapya. Mimi sikuwa na kazi ya kumpa. "Bosi, umepotea!" akasema, akahamishia mopu mkono wa kushoto ili anipe ule wa kulia. Haukukunjuka wote. Kwa mazoea nikamtazama miguuni.

Champali.