Baba Mwenye Nyumba

Fedheha iliyonifika juzi ukumbini mwa nyumba yangu ya Magomeni ingali ikiniunguza, kwani nilikwenda kudai ijara nimevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua, nikitaraji taadhima anayostahiki mtu mwenye milki, walakini mpangaji wa chumba cha mbele, mama muuza vitumbua, baada ya kuniamkia kwa adabu zote, alinihesabia noti mpaka zikakoma kabla ya kutimia. "Hizo 18,000 nimezikata, baba mwenye nyumba. Ni kodi yako ya jengo ya mwaka mzima; nimekulipia mimi kwenye Luku." Wapangaji waliokuwa uani wakaitikia, "Kweli kabisa!"

Luku, kwa hakika, ni ajabu isiyosifiwa vya kutosha. Mtu hununua umeme kwa simu akaletewa tarakimu 20, na ndani ya tarakimu hizo, zilizofumbwa kwa siri ambayo mita moja tu duniani yaweza kuifumbua, mna hesabu ya uniti alizolipia. Mita huzipokea bila kuuliza ofisi yoyote, ukizirudia huzikataa, ukizipeleka kwa jirani huzikataa, wala haijali kama mbonyezaji ni tajiri au mtoto aliyetumwa. Tangu 2021 serikali imeifungamanisha kodi ya jengo na manunuzi hayo, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 shilingi 1,500. Basi mwezi ukiandama, anayetangulia kuingia gizani ndiye mlipaji, ilhali mwenye jengo amelala.

Zamani nilipanga foleni na wenye majumba wenzangu, nikarudi na stakabadhi yenye jina langu, nikaitia sandukuni pamoja na hati, nilikuwa mtu. Sasa stakabadhi imo katika simu ya muuza vitumbua, na kilichobaki kuitwa changu ni bati linalovuja. Na hapa mzaha wanikomea: ni wapangaji wangapi mjini humu wanaolipa kodi ya majengo ya watu, wasithubutu kudai, kwa kuchelea kuambiwa wahame?

Choo kilipojaa, niliitwa kwa jina langu kamili, la baba na la babu.

Jana dalali alileta mpangaji mpya, akampeleka moja kwa moja kwa mama vitumbua, naye akamtajia bei.