Kuhesabu Bila ya Kutazama

Harusi ya Ng'ambo ya Zanzibar, kwa aliyewahi kuisimamia, haimaliziki siku ya walima. Humalizika siku ile ambayo mpishi, mwenye viti, wapiga beni na mpiga picha wamekwisha kulipwa, na kila mmoja wao amekiri mbele ya mashahidi kwamba hadai kitu. Mpishi hana taabu, kwa kuwa masufuria yake huonekana na kila mtu, na viti huhesabika hata gizani kwa kupapasa. Mwenye taabu ni mpiga picha, na taabu yake ilizidi tangu pale picha zilipoacha kuwa karatasi. Zamani hisabu ilikuwa nyepesi: mwenye kwenda Mji Mkongwe kupigwa picha, iwe kwa Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930 au kwa mwengine, alirudi na picha yake mkononi, na hata mpiga picha alipokuja nyumbani na kamera yake, mkanda wa filamu aghlabu ulikuwa na picha 36, ulipokwisha ulikwisha, na yeye akaomba chai.

Ndugu yangu mdogo, mwenye nyumba Miembeni, alipomwoza binti yake alipatana na msichana mmoja wa Kwahani, hodari wa kazi yake, apige picha za upande wa wanawake kwa shilingi 500 kila moja. Mapatano hayo yalifanywa kwa furaha, sahani ya halua ikiwa katikati, na hapana aliyefikiri kuuliza picha ni kitu gani. Fungate lilipokwisha, msichana alikuja na flashi, na pamoja nayo kipande cha karatasi alichoandikiwa dukani alikokwenda kuihakikisha: mafaili 1,226. Ndugu yangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alizidisha kichwani, akapata 613,000, kisha akauliza kama miongoni mwa picha hizo 1,226 ipo hata moja aliyomo yeye. Akajibiwa kwamba haipo, na kwamba zaidi ya hayo si halali yake kuzitazama, kwa kuwa wamo wake za watu waliovua mabuibui.

Kwa hiyo kesi ikaletwa kwangu. Mimi nilisomesha hisabu skuli mpaka nikastaafu, tena nina kompyuta, na kwa wazee wa mtaa wetu sifa mbili hizo zikikutana kwa mtu mmoja basi huyo ni kadhi wa tarakimu. Lakini lililomzuia ndugu yangu lilinizuia na mimi. Ilinipasa nizihesabu picha za singo, za hina na za kupambwa bi harusi bila ya jicho langu kuangukia hata moja. Na dada yetu mkubwa, ambaye kwa umri na heba yake mtaa mzima humwita Bi Mkubwa, aliketi ukumbini nyuma ya pazia, kiasi cha hatua mbili kutoka barzani nilipokuwa mimi, ili ahakikishe kwamba sharti hilo halivunjwi.

Kompyuta yenyewe nililetewa na mwanawe Bi Mkubwa aliyeko Maskati, ambaye riziki yake imo katika mashine hizo, naye ndiye aliyenitilia Linux ndani yake. Nikampigia simu. Aliposikia shida yetu alicheka kwanza, kisha akasema, "Mjomba, fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Humo hamna picha. Mna majina tu." Nikawageuzia waliohudhuria kioo ili washuhudie weusi wake, na ndugu yangu akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa maana hapakuwa na kitu chenye stara kuliko kile.

Nikaingia katika folda iliyoitwa Harusi, naye akaanza kunisomea amri kutoka ng'ambo ya bahari: ls, kisha nafasi, kisha alifu, kisha nafasi, kisha wc, kisha nafasi, kisha kijistari na herufi l. Alifu ndilo jina tulilokubaliana kuupa ule mstari uliosimama wima, maana kila jina jengine alilojaribu halikunifikisha popote. Kazi yake ni kuyachukua yanayotoka katika amri ya kwanza na kuyatia katika ya pili: ls hutaja vilivyomo, na wc, ikiambiwa kijistari l, huhesabu mistari. Fikra ya kuziunganisha programu namna hiyo aliitoa Doug McIlroy wa Bell Labs, Marekani, mwaka 1964, na Ken Thompson akaitia katika Unix, mfumo ambao Linux huufuata, mwaka 1973, ijapokuwa wc yenyewe ilikuwamo tangu mwaka 1971. Nilikuwa nikiyaeleza haya kwa utaratibu unaostahiki, lakini ndugu yangu alikuwa amekwisha kuinamia kioo, ameyasoma maandishi, na uso wake umebadilika.

"Picha za mwanangu unazipeleka msalani?"

Nilimtuliza, nikabonyeza, na mashine ikajibu bila ya kusita: 9.

Kimya kilichofuata kilikuwa cha namna mbili. Barzani kilikuwa cha mtu anayezidisha 9 kwa 500 na kumshukuru Mola wake. Nyuma ya pazia kilikuwa cha wanawake waliosimama saa nzima kwa viatu vya visigino virefu mbele ya kamera. Pazia likatikisika. "Picha tisa!" akasema Bi Mkubwa. "Mimi peke yangu nimepigwa zaidi ya hizo." Mpwa wangu akafafanua kwamba zile tisa ni folda, Singo, Hina, Kesha na wenzao, na kwamba ls huishia mlangoni, haiingii ndani ya folda mpaka iamrishwe.

Hapo kila aliyekuwapo akataka amri yake ijaribiwe, na kila amri ikaja na hisabu yake. Tulipoandika ls kijistari l, mashine ikasema 10, kwa sababu juu ya orodha huweka mstari mmoja wa kutaja jumla ya nafasi iliyotumika, na wc haina habari ya jumla wala ya kisichokuwa jumla. Mstari kwake ni mstari. Tulipoandika ls kijistari a, ikasema 12: folda ikajihesabu yenyewe kwa jina la nukta moja, ikamhesabu mzazi wake kwa nukta mbili, na faili moja lililojificha likajitokeza. Tulipoandika ls kijistari R kubwa, inayoingia chumba hata chumba, tukapata 636, na ndugu yangu akatia mkono mfukoni akisema kwamba hizo anazikubali, alipwe mtu haki yake tuondoke. Laiti ningemwachia! Lakini Maskati walikuwa bado wanasikiliza. "Ngoja, Mjomba. Hapo umehesabu na vichwa vya orodha na mistari mitupu." Na kweli: vichwa 10, mistari mitupu 9, na majina 9 ya folda, karibu theluthi ya hayo ikiwa ni hewa.

"Basi tumia find," akasema mpwa wangu, "na uiambie unataka mafaili tu, kijistari type f." Nikaandika find, nukta, kijistari type f, nikatia alifu, nikaipeleka ilikozoea kwenda. Ikajibu: 1,226.

Msichana wa Kwahani, ambaye muda wote huo alikuwa kimya kwa adabu, aliinua kichwa. "Shikamoo Mwalimu," akasema, ingawa alikwisha kuniamkia alipoingia. Ndugu yangu aliketi juu ya barza taratibu, kama mtu anayejishusha majini.

Ndipo Bi Mkubwa alipouliza swali ambalo sisi wanaume wawili, na wa tatu aliyeko Uarabuni, hatukulifikiri. Alitaka kujua ni nani aliyelala humo. Ikumbukwe kwamba usiku wa kuamkia Jumanne ya 23 Agosti 2022, usiku wa sensa, yeye alikuwa na wageni kutoka Pemba, na alibishana na karani aliyewaandika kwake ilhali walikuwa wamekata tiketi za boti; karani akamjibu kwamba anayehesabiwa ni aliyelala, na hivyo ndivyo wageni wake walivyoingia katika watu 1,889,773 wa Zanzibar kupitia mlango wake. Tangu siku hiyo anaiheshimu mno kanuni ile. "Karani hakuandika mlango," akasema, "hakuandika jina la mtaa, wala hakuniandika mara mbili kwa kuwa nina kivuli. Muulize huyo mtoto, hao 1,226 ni watu au ni vivuli?"

Mtoto akaulizwa, na baada ya kuagiza tumtajie majina machache akaanza kucheka upya. Kompyuta ya msichana ni ya Apple, na mashine hizo zinapoandika juu ya flashi isiyokuwa ya mpangilio wao hupenda kuweka, kando ya kila faili, pacha wake mwenye jina linaloanza kwa nukta na mstari wa chini, ambaye ndani yake hamna picha bali sifa za faili tu. Kisha katika kila folda iliyofunguliwa huacha faili jengine la kukumbuka mpangilio wa dirisha. Mapacha 608, na yale mengine 10. Yote huanza kwa nukta, na lenye kuanza kwa nukta ls hulinyamazia, desturi ambayo Rob Pike, aliyekuwa Bell Labs, amesimulia kwamba haikukusudiwa: aliyeandika programu alitaka kuziruka zile nukta mbili za mzazi na ile moja ya nafsi, akakagua herufi ya kwanza tu kwa kufupisha kazi, na kila jina lenye nukta mbele likapotea machoni mwa watu. Tukaiambia find iyaache yenye nukta. Ikasema 608.

Sasa hapana aliyeamini. Hisabu inayopanda huweza kutetewa, lakini inayoanguka nusu mbele ya mwenye kulipa na mwenye kulipwa ina harufu ya hila, na mimi ni ndugu wa mwenye kulipa. Bi Mkubwa akaamuru kompyuta ipelekwe ukumbini, akachomoa tasbihi yake ya punje 99, akamweka mjukuu abonyeze picha moja moja, na sisi tukabaki barzani tukisikiliza vicheko na sauti ya punje. Katika duru ya nne umeme wa tukuza, yaani wa kulipia kabla, ukaisha, na kwa kuwa betri ya kompyuta yangu ilikufa zamani, kioo kikazima. Mtoto akatumwa mbio dukani kununua yuniti. Bi Mkubwa, nasimuliwa, alikaa kizani muda wote huo na punje moja kaishika baina ya kidole gumba na cha shahada, asiseme na mtu. Na umeme uliporudi hapakuwa na ubishi wa pa kuanzia, kwani kila mmoja alikumbuka kwamba walikuwa wamefika kwa jirani yetu mwenye sambusa nzima mdomoni.

Duru sita, na punje 14 juu yake. Tukazidisha 99 kwa 6, tukaongeza, tukapata 608, na ndugu yangu akaanza kuhesabu noti za kutimiza 304,000 juu ya mkeka, msichana akizifuata kwa macho na kuridhika nazo.

"Bado," ikasema sauti ya nyuma ya pazia. "Mna kumi na moja nimefumba macho. Hizo hazilipwi. Mwulize mwanangu kama ana amri ya kuzitoa."

Mpwa wangu akasema hana. Msichana akasema picha ni picha, mtu akifumba akifumbua. Mjukuu akasema na yeye amefumba katika nyingi. Ukumbi mzima ukataka zirejewe kuanzia ya kwanza, na ndugu yangu akazikunja noti zake, akavaa makubadhi, akatoka kwenda kununua yuniti nyengine.